Kidonge cha Mama, Mguu wa Beberu

Mama yangu ana maoni juu ya kila dawa iliyowahi kuuzwa Mohoro, na karibu yote ni mabaya. Vidonge vya malaria humziba masikio. Dawa ya kikohozi ni maji ya sukari yaliyotiwa rangi. Dawa ya presha, anasema, ilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye mabosi, na yeye bosi hana. Dawa moja tu ndiyo aliyoipenda kwa dhati, kidonge kidogo cheupe ambacho huku kwetu kila mtu anakiita deksa, na penzi lile lilidumu kuliko ndoa yake ya kwanza.

Alianza kukinywa kwa haki kabisa. Msimu mmoja wa kuvuna mpunga magoti na mgongo vilimkamata, akawa anatoka kitandani kwa kujikokota, na daktari wa zahanati akampa vidonge vya siku chache, akamwambia vikiisha basi. Mama alisikia nusu ya kwanza ya maneno hayo. Vilipoisha alikwenda duka la dawa na kipakiti kitupu mkononi, akakionyesha, akapewa kilichojaa, na tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza kitu. Maumivu yakaondoka. Hamu ya chakula ikarudi. Mashavu yakajaa, uso ukawa wa mviringo, watu wakawa wanamwambia amependeza. Mimi nipo Kibiti kwenye cherehani yangu kando ya barabara kuu, na kila Ijumaa nilipigiwa simu kuambiwa kwamba hajambo, kwamba amebeba mwenyewe mfuko wa pumba kutoka mashineni, na kwamba nisijisumbue kuja.

Hilo la nisijisumbue ndilo lililokuwa neno lake kuu. Tangu baba alipofariki, kitu alichokiogopa mama hakikuwa kufa. Aliogopa kushikwa mkono. Aliogopa kuwekwa kwenye kiti na kuletewa uji, na kusemwa "masikini bibi wa watu" na wanawake aliowafundisha mwenyewe kupepeta mpunga. Kidonge kilimpa miguu yake, na miguu yake ilimpa haki ya kutuambia sote tukae kwetu.

Sasa kuna jambo la Idi Kubwa. Waliojaliwa huchinja, nyama hupita nyumba hadi nyumba, na mjane kama mama hupokea. Alipokea kwa miaka mingi, kwa mikono miwili na dua ndefu, na mlango ukishafungwa aliitazama ile nyama kwa uso ambao mimi mwanawe niliujua vizuri. Haukuwa uso wa shukrani. Basi mwishoni mwa vuli aliniambia kwenye simu kwamba Idi Kubwa ijayo atagawa yeye. Watakuja watu wa mtaa mzima kupokea mlangoni kwake. Hakuwa anaomba ushauri wangu. Alikuwa ananitaarifu ili nimshonee nguo ya kugawia.

Mnyama alikuwa naye. Beberu mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, aliyezaliwa pale pale uani na kunyonyeshwa kwa chupa ya mtoto baada ya mama yake kuchukuliwa na maji ya mafuriko. Umri wake ulikuwa unatimia. Ila alikuwa mkondefu, mbuzi wa kusimama tu na kutazama mto. Mama alisoma chuo cha Kurani utotoni, na masharti ya mnyama wa kuchinja anayajua kuliko anavyoijua namba yangu ya simu: asiwe chongo, asiwe mgonjwa wa wazi, asiwe kiwete, wala asiwe amekonda hadi mifupa yake haina uboho. Matatu ya kwanza hayakumsumbua. La nne lilimkosesha raha. Kila asubuhi alimpapasa beberu mbavu na miguu, akijiuliza mle ndani mna uboho au hamna, na kwa kuwa mbuzi hasemi, alijijibu mwenyewe kwamba hamna.

Mtu mwingine angempeleka malishoni. Lakini malishoni kuna mashamba ya watu, na mama hakutaka kesi na mtu kabla ya kugawa nyama. Akamfunga barazani, upande wa kivulini, akamletea pumba za mpunga. Beberu akazinusa na kugeuza shingo. Hapo ndipo mama alipofikiri, na mama akifikiri huwa hakuna wa kumzuia. Kama kidonge kimempa yeye hamu ya kula na mashavu haya, kwa nini mnyama anyimwe? Akakisaga kidonge kwa mgongo wa kijiko, akakichanganya na pumba na chumvi kidogo. Baada ya muda beberu alikuwa analamba sufuria mpaka inahama mahali.

Hivyo ndivyo walivyoishi kuanzia vuli hadi masika, yeye na beberu wake, kila mmoja na kidonge chake baada ya chai ya asubuhi. Alimwita mwenzangu. Nikipiga simu naambiwa mwenzangu ameshakunywa dawa, mie bado. Nilicheka, nikaendelea kukanyaga cherehani. Nilidhani anasema dawa ya minyoo.

Masika yalipoanza kupungua nilikwenda kumwona, nikiteleza kwenye tope kutoka stendi mpaka nyumbani. Beberu nilimwona kabla sijamwona mama. Tumbo lilikuwa limetanda pande zote mbili, shingo imejaa. Kwenye mbavu manyoya yalikuwa yamekuwa haba, ngozi inaonekana, lakini nani hutazama manyoya mbele ya tumbo kama lile? Alikunywa ndoo ya maji nikimtazama, akakojoa kwa muda mrefu, akarudi kunywa. Mama alisimama pembeni na kuniambia kwamba mkojo mwingi ni dalili ya mnyama mwenye afya. Sikuwa na la kubisha, maana mimi ni fundi wa nguo.

Na kwa ufundi huo huo tuligombana jioni ile. Alinitolea gauni nililomshonea mwaka uliotangulia, akalivaa, akasimama mbele yangu na pindo linaburuzika sakafuni. Akaniambia utepe wangu wa kupimia umelewa. Nikamwambia gauni lile nililipima mwilini mwake mwenyewe, likaishia juu ya vifundo vya miguu, na kama ni kitambaa kimevutika basi kingevutika na mikononi pia. Akasema labda Kibiti mnapima kwa mkono mfupi. Nina hasira za karibu, na mtu akinigusa kwenye kazi yangu huwa siangalii kama amenizaa. Tulilala tumenuniana, ukuta mmoja katikati, na asubuhi nilimpima upya kwa ukali, bila kumtazama usoni, nikaandika vipimo vipya kwenye kiganja. Kiuno kilikuwa kimeongezeka sana. Mikono ilikuwa imepungua. Urefu nilidhani nimeukosea, kwa hiyo nikamwambia asimame wima.

"Nimesimama wima," akasema.

Niliahirisha kurudi Kibiti ili niimalize ile nguo ya kugawia palepale, kwa cherehani ya kuazima, na ndiyo sababu nilikuwepo siku beberu alipovunjika. Sisemi alipoanguka, kwa kuwa hakuanguka. Mama alimfungua ili afagie chini yake. Beberu akashuka kutoka barazani kwenda uani, na baraza letu ni la chini kiasi kwamba kuku wachanga hushuka wenyewe. Mguu wa mbele ulipogusa ardhi ulilia kama kopa kavu la muhogo linalovunjwa kwa ajili ya kusaga. Sauti kavu, ya kawaida, ya jikoni. Kisha akasimama kwa miguu mitatu, ule wa nne ukining'inia, akatutazama kama vile sisi ndio tuliofanya jambo la ajabu.

Mama hakulia. Alikaa chini palepale ufagio mkononi, na neno lake la kwanza lilimhusu jirani yetu wa upande wa mto. Jirani huyo alikuwa amepita juzi yake akasema beberu kanenepa, akanyamaza, hakusema mashaallah. Mama alimkumbuka mpaka khanga aliyokuwa amevaa. Kwa mama, jambo lilikuwa limekwisha kuchunguzwa na mkosaji kupatikana, ikabaki tu hukumu. Niliona uso wake, nikaona kwamba anajua pia lile jambo jingine, kwamba kiwete hachinjwi, na kwamba Idi hii nayo atapokea. Nilimwonea huruma kuliko nilivyokuwa tayari kuonyesha, kwa hiyo nikampigia simu bwana mifugo.

Bwana mifugo alitoka Ikwiriri kwa pikipiki yake mwenyewe, viatu vimeng'arishwa kwa ajili ya tope. Ni mtu anayependa kueleza. Ukimuuliza saa ngapi anaanza na jua. Alimlaza beberu ubavu, akapapasa mguu, mbavu, taya, mgongo, akavuta ngozi na kuiachia, akatazama yale manyoya haba, akauliza mnyama anakula nini. Mama, ambaye alikuwa amekaa akisubiri kuulizwa habari za jirani, alijibu kwa fahari. Pumba safi za mashineni. Chumvi. Na kidonge. Akaingia ndani, akatoka na kipakiti, akampa.

Yule bwana alikisoma kipakiti, akakigeuza nyuma, akakisoma tena. Aliuliza tangu lini. Mama akasema tangu vuli. Akauliza kila siku? Mama akasema kila siku, yeye si mzembe.

Basi akaeleza, na safari hii sikuyaona maneno yake kuwa marefu. Alianza kwa kusema dawa hii anaipenda, anayo hata kwenye mkoba wake, na ikitumika kwa siku chache kwa mnyama aliyevimba au aliyezidiwa inaokoa maisha. Lakini watu wanadhani mfupa ni kama nguzo ya nyumba, ukishasimamishwa umemaliza. Mfupa wa kiumbe hai unabomolewa na kujengwa kila siku. Kuna mafundi wanaobomoa palipochakaa na mafundi wanaojaza nyuma yao. Deksa ikikaa mwilini muda mrefu huwalaza wale wanaojaza, na wanaobomoa wanaendelea na kazi bila msimamizi. Juu ya hapo utumbo huacha kuchukua kalsiamu ya kutosha kwenye chakula, na figo huitoa na mkojo ile iliyopo. Na zile pumba tunazoziona safi zina fosforasi tele na kalsiamu kiduchu, kwa hiyo mwili ukaenda kuichota kwenye mifupa. Mnyama hakunenepa. Kilichoongezeka ni mafuta ya tumbo na ya shingo. Nyama ya miguu ilikuwa inayeyuka huku sisi tunampigia makofi.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, jambo asilolifanya kwa mtu, kisha akauliza swali lililokuwa moyoni mwake tangu vuli.

"Na uboho?"

"Uboho upo tele, Mama," akasema bwana mifugo. "Dawa hii huongeza mafuta hata humo ndani ya uboho. Kilichopungua ni mfupa wenyewe."

Sijawahi kuona mtu akipewa alichokiomba kwa ukamilifu namna ile. Mimi nilitaka kucheka, ni tabia yangu mbaya, cheko hunijia mahali pasipo pake, na nilikuwa nimegeuka pembeni kulificha nilipokutana na gauni. Lilikuwa kwenye kamba, limeanuliwa nusu, pindo lake likigusa ardhi. Nikalitazama, kisha nikamtazama mama. Uso wa mviringo. Mikono myembamba yenye mabaka meusi ambayo alikuwa akisema ni ya kujigonga mlangoni. Tumbo. Mgongo uliokuwa umeanza kuinama juu ya tumbo hilo. Utepe wangu haukuwa umelewa, na kitambaa hakikuwa kimevutika popote.

Cheko lilikufa. Nilimuuliza bwana mifugo, kwa sauti niliyojitahidi iwe ya kawaida, na mtu je, akimeza hivi hivi kila siku?

"Mtu mimi simtibu, dada yangu," akasema, huku akitazama mkono wa mama na si mimi. "Lakini mfupa ni mfupa."

Mama alinyoosha mkono, akachukua kipakiti chake kutoka kwa yule bwana, akakitia ndani ya khanga kiunoni, akauliza kama atakunywa chai.

Mambo mengine alituachia kabla ya kuondoka. Tulimfunga beberu mguu kwa mabanzi ya mwanzi, na kwa kuwa bandeji ilikuwa fupi nikaongezea vipande vya satini ya zambarau vilivyobaki kwenye nguo ya Idi. Nyama yake isiliwe hata angekuwa mzima, maana dawa imo. Aanze kutolewa nje juani taratibu, apewe majani mabichi na chokaa ya mifugo. Na dawa yenyewe isikatwe ghafla. Mwili ulioletewa deksa kila siku kutoka nje husahau kujitengenezea ya kwake, na ukinyimwa kwa mara moja unaweza kuzimika. Ipunguzwe kidogo kidogo, kwa majuma. Alilirudia hilo akiwa tayari ameshawasha pikipiki, na safari hii alimtazama mama usoni.

Alifanya vema kulirudia, kwa sababu jioni ileile nilimkuta mama njiani kuelekea mtoni na vipakiti vyake vyote kwenye mfuko, anakwenda kuvitupa. Ndivyo alivyo. Alipenda kwa moyo wote na sasa alikuwa anaacha kwa moyo wote. Nilimnyang'anya mfuko, tukavutana mbele ya watu waliokuwa wanatoka msikitini, mimi nikimwambia kwamba asitupe, ameze, yeye akinikumbusha kwa sauti kwamba nimesikia mwenyewe ni sumu. Waliopita walisikia binti akimlazimisha mama yake kunywa sumu. Heshima yangu Mohoro haijapona mpaka leo.

Asubuhi yake nilimpandisha gari kuja Kibiti hospitali. Njia nzima alikaa ameshika siti ya mbele kwa mikono miwili, na kila shimo la barabara nililihesabu kuwa ni adui yangu binafsi. Alipigwa picha ya eksirei. Daktari, kijana mpole aliyemwita Bibi, aliiweka kwenye mwanga na kutuonyesha pingili za uti wa mgongo. Mimi sijui kusoma picha hizo lakini najua kutambua kitu kilichokaa upande. Pingili mbili zilikuwa zimejibonyeza, zimekuwa nyembamba upande wa mbele. Daktari alisema si lazima awe alianguka, na huenda alisikia maumivu siku moja tu akafikiri ni mgongo wake uleule wa zamani, akaongeza kidonge. Mama alisema ndiyo, aliongeza.

Yale ya bwana mifugo yakarudiwa yote, kwa maneno ya watu. Wanaojenga wamelala. Wanaobomoa wako kazini. Ukosefu wa kalsiamu. Dawa ipunguzwe kwa miezi, si kwa siku, na atapewa nyingine za kusaidia mifupa. Ale dagaa na uduvi mzima mzima, akae juani asubuhi, atembee. Asibebe ndoo, asibebe mfuko wa pumba, asiiname shambani. Na maumivu ya magoti, akaongeza daktari kwa uungwana, yatarudi, maana yalikuwa yamefunikwa tu.

Mama alisikiliza, mkono juu ya pochi yake. Daktari alipouliza kama ana swali alisema hana swali.

"Ila naona na mie sifai kuchinjwa," akasema.

Daktari hakujua aelekeze wapi macho. Mimi nilicheka, na mama akacheka, tukacheka mpaka nesi akachungulia mlangoni, na tulipotoka nje niligundua kwamba mimi nilikuwa nimeshaacha kucheka kitambo, nalia. Nilikuwa na hasira na duka la dawa, na kile kipakiti, na zile simu za Ijumaa zilizoniambia hajambo nami nikakubali kwa wepesi wa mtu mwenye nguo za wateja. Mama aliniambia nifute uso, tupo Kibiti, watu watadhani kafa mtu.

Nilifunga cherehani nikarudi naye Mohoro. Alinipinga kidogo tu, na huko kunipinga kidogo kulinitia hofu kuliko picha. Tukaanza kupunguza. Nilivikata vidonge kwa wembe wa kazini juu ya kibao cha kukatia vitunguu, kipande chake, kipande cha beberu, na wagonjwa wangu wawili wakavipokea kwa sura moja ya kudhulumiwa. Beberu alipungua tumbo, akarudi kuwa mbuzi wa kutazama mto, na mguu wake wa satini ulianza kugusa chini kwa woga. Mama alipungua mashavu. Magoti yalirudi kama yalivyoahidiwa. Asubuhi nilimsikia upande wa pili wa ukuta akijikusanya kitandani, akikaa, akipumua, akingoja, na niliposema nije alisema nisijisumbue. Kuhusu jirani, alikubali kwamba dawa ndiyo iliyomaliza mfupa, lakini kuna kitu lazima kiliusukuma siku ile, na jicho lile aliliona mwenyewe.

Idi ikafika. Mama alivaa ile nguo ya zambarau ya kugawia, akasali amekaa kwenye kiti, akaja kukaa mkekani ukumbini, miguu ameinyoosha mbele. Nyama ikaanza kuingia. Nyumba hadi nyumba, kama kila mwaka, kwenye sahani zilizofunikwa kawa na kwenye mifuko ya plastiki. Kila aliyeleta alichungulia barazani kumwona beberu na mguu wake wa satini, akauliza hali, akasema pole bibi. Mama alipokea kwa mikono miwili na dua ndefu. Jirani wa upande wa mto alileta paja, paja zuri, na akasema mashaallah juu ya kila kitu alichokiona humo ndani, ukiwemo mkeka.

Mlango ulipotulia nilingoja kuuona uso ule usio wa shukrani. Mama aliniambia nilete sinia kubwa na kisu. Nikaleta. Akamimina nyama yote pamoja, ya mifukoni na ya sahanini, akaanza kuikata vipande na kuitenga mafungu, akipima kila fungu kwa mkono na kulirekebisha. Lile paja ligawanywe. Hili la mjane wa kule mashineni, lile la mwalimu wa chuo, lile la jirani wa upande wa mto. Niliposhtuka kwamba sasa anamrudishia mtu paja lake mwenyewe nikamwambia mama, hii nyama ni ya watu.

"Ilikuwa yao," akasema. "Wamenipa, imekuwa yangu. Sasa nagawa."

Nikazunguka mtaa mzima nayo. Nilibisha hodi kwa watu waliokuwa wametoka kwetu muda mfupi uliopita, nikawapa nyama, nikasema mama anawapa mkono wa Idi. Wengine waliitambua. Jirani aliifunua sahani, akatazama kipande chake mwenyewe kwa muda, akasema mwambie mama ahsante sana, Mungu amzidishie. Hakuna hata mmoja aliyecheka mbele yangu, na kwa hilo nitawashonea bure mpaka nife.

Niliporudi mama alikuwa bado mkekani, sinia tupu pembeni, amekaa vilevile. Adhana ya alasiri ilikuwa imeanza. Nilimwona akiweka kiganja chini, akijaribu uzito wake, akaacha. Akajaribu upande wa pili. Nilibaki pale mlangoni nikiwa na sahani za watu mikononi. Kumkimbilia niliogopa, na kutomkimbilia niliogopa vilevile. Kisha akaninyooshea mkono, na hakunitazama.

"Nishike," akasema. "Lakini usinivute. Nitasimama mwenyewe."

Niliweka sahani chini, nikamshika chini ya kiwiko, pale ambapo mkono wake ulikuwa umebaki ngozi na mfupa. Akaanza kuinuka, polepole, na katikati ya safari ile tulisimama wote wawili kama watu wanaosikiliza, hatupumui, tunangoja kama kuna kitu ndani yake kitalia. Hakikulia kitu. Akasimama, kichwa chake kikiishia begani mwangu, akaniambia nimwachie.

Sikumwachia, na hakuniambia tena.